Kitambi, seli za mafuta na kolesteroli: jamani hivi ni vitu vitatu tofauti, tuelewane leo

Mpima Damu (mleta uzi):

Wakuu salaam. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni vichupa vya damu asubuhi mpaka jioni, na kuna swali naulizwa mpaka basi. Anakuja mtu mwembamba kabisa anashika karatasi ya majibu anang'aka "mimi na mwili huu mafuta yametoka wapi?" alafu anaingia bonge, kitambi kinamtangulia mlangoni, majibu yake safi, anatoka anacheka. Yule mwembamba anaanza kusema tumebadilisha majina. Hatujabadilisha majina wakuu. Ishu ni kwamba watu wengi wanadhani mafuta ya tumboni, mafuta ya kwenye damu na mafuta ya kupikia ni kitu kimoja kinachohamahama tu, ukila yai linaenda kuganda kwenye mshipa, ukikimbia linatoka na jasho. Haiko hivyo hata kidogo, na ukishaelewa seli ya mafuta inafanya kazi gani, matangazo ya chai za kukata kitambi utakuwa unayapita bila hata kugeuka.

Nianze na lipidi maana ndo jina la ukoo mzima. Lipidi ni vitu vyote vya mwilini ambavyo havipatani na maji. Kuna trigliseridi, haya ndo mafuta tunayoyajua, ya alizeti, ya mawese, samli, na hayo ya kwenye kitambi chako, yote ni trigliseridi, yaani kipande cha gliseroli kimeshikana na asidi za mafuta tatu. Kuna fosfolipidi, hizi ndo zinatengeneza ukuta wa kila seli uliyonayo, ukiziondoa hauna mwili. Alafu kuna kolesteroli ambayo watu wameigeuza jini wakati bila hiyo hakuna homoni za uzazi, hakuna kotisoli, hakuna nyongo, na ukikaa juani ngozi haina cha kutengenezea vitamini D. Kwahiyo mtu akikwambia "lipidi ni mbaya" muulize ipi.

Sasa seli ya mafuta yenyewe. Ukiiona kwenye darubini inachekesha. Karibu seli nzima ni tone moja kubwa la trigliseridi, kiini chake kimesukumwa pembeni kimebanwa ukutani kama konda wa daladala saa kumi na mbili jioni. Kazi yake kubwa ni kuweka akiba, na akiba yenyewe sio ya mchezo, gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati gramu ya wanga au protini ina 4, tena mafuta hayabebi maji mengi. Mtu wa kilo 70 mwenye kilo 15 za mafuta anatembea na zaidi ya kalori laki moja mwilini. Ndo maana binadamu anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula ilimradi anapata maji.

Mafuta yanafikaje huko? Chukua zege la jioni, chipsi mayai na mishikaki juu. Yakifika utumbo mwembamba nyongo inayavunja yawe matone madogo, vimeng'enya vya kongosho vinayakata vipande, yanaingia kwenye ukuta wa utumbo, na humo yanaunganishwa upya kuwa trigliseridi. Ila damu ni maji, mafuta hayawezi kuogelea humo peke yake, kwahiyo utumbo unayafungia kwenye vifurushi vyenye ganda la protini na fosfolipidi vinaitwa kilomikroni. Na hapa watu wengi hawajui, hivi vifurushi haviingii moja kwa moja kwenye damu wala haviendi ini kwanza, vinapita mishipa ya limfu, vinapanda kifuani mpaka karibu na shingo upande wa kushoto, ndo vinamwagwa kwenye mshipa wa damu. Vikizunguka vikifika kwenye mishipa midogo ya tishu ya mafuta vinakutana na kimeng'enya kiko ukutani kinaitwa lipoprotini lipesi, kinakata trigliseridi, asidi za mafuta zinaingia ndani ya seli, zinaunganishwa tena, tone linanenepa. Anayefungua huo mlango ni insulini. Ukila, hasa wanga na sukari, insulini inapanda, inaiambia seli ya mafuta pokea na usitoe.

Na usipokula muda mrefu, au ukikimbia, insulini inashuka, adrenalini inapanda, vimeng'enya vya ndani ya seli vinaanza kukata lile tone. Asidi za mafuta zinatoka zimebebwa na albumini kwenye damu, moyo na misuli inazichoma. Gliseroli inaenda ini inageuzwa sukari. Ubongo hauwezi kuzichoma hizo asidi za mafuta moja kwa moja, ndo maana ini linautengenezea ketoni, chakula chake mbadala, ukifunga muda mrefu. Seli nyekundu za damu ndo kabisa, zenyewe ni sukari tu.

Sasa hoja yangu, na hapa najua nitapingwa. Seli ya mafuta sio adui yako. Seli ya mafuta ndo inakulinda na mafuta. Matatizo yanaanza pale inaposhindwa kupokea, mafuta yanakosa pa kukaa yanaenda kujazana kwenye ini, kwenye misuli, kwenye kongosho, sehemu ambazo hazikuumbwa kukaa na mafuta. Ini likijaa linaanza kusafirisha mafuta nje kwa vifurushi vyake lenyewe, trigliseridi kwenye damu zinapanda, insulini inaacha kusikilizwa, kisukari kinabisha hodi. Yule mwembamba wangu wa asubuhi inawezekana seli zake za mafuta ni chache au zimejaa mapema, na yule bonge anazo nyingi chini ya ngozi zinapokea tu. Karibuni.


Kiroboto wa Mbagala:

Nakaa hapa mbele kabisa. Mkuu kwahiyo unataka kutuambia vitambi vyetu ni ulinzi? Ngoja nimwite mke wangu asome hii.


Mwanajimu:

Mleta uzi umeandika vizuri ila hiyo ya "seli ya mafuta inakulinda" unawapa watu kisingizio mzee. Mimi ni mkufunzi wa jimu, naona watu kila siku wanakuja presha juu, sukari juu, na wote wana vitambi. Kama kitambi kinalinda mbona wanaumwa wenye vitambi?


Mpima Damu:

@Mwanajimu swali zuri mkuu, na hapo lazima tutenganishe mafuta na mafuta. Kuna yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyashika kwa vidole, ya mapaja, makalio, mikono. Na kuna ya ndani ya tumbo, yamezunguka utumbo na viungo, haya huwezi kuyashika, tumbo linakuwa gumu limejaa linatangulia. Haya ya ndani ndo yenye kesi. Damu yake inaenda moja kwa moja ini kupitia mshipa mkubwa wa ini, na yanaachia asidi za mafuta kirahisi kuliko ya mapajani. Kitambi kigumu mara nyingi ni dalili kwamba kule chini ya ngozi pameshazidiwa, mafuta yakaanza kutafuta pengine. Ndo maana Shirika la Afya Duniani wanapima kiuno, mwanaume ukizidi sentimita 94 hatari imeanza kupanda, 102 imepanda sana, mwanamke ni 80 na 88. Hawapimi makalio peke yake.

Na mke wa @Kiroboto wa Mbagala amwambie ukweli, hicho ni kigumu au kinashikika?


Kiroboto wa Mbagala:

Nimeshika. Sitajibu.


Nesi Mstaafu:

Wanangu habari zenu. Huyu kijana anasema kweli, na wale tuliofanya kazi kliniki za ARV miaka ya 2000 na kitu tulishaona kwa macho hicho anachokisema, tulikuwa hatujui tu kukieleza. Wakati ule dawa nyingi zilikuwa na stavudini ndani, d4T tulikuwa tunaiita. Ilikuwa rahisi na iliokoa watu wengi mno, mtu analetwa amebebwa, baada ya miezi anatembea. Lakini baada ya mwaka, miwili, unaanza kuona mashavu yanaingia ndani, miguu na mikono inakuwa myembamba mishipa imesimama, makalio yanaisha, na wengine tumbo linatoka. Wagonjwa walikuwa wanalia sana kwa sababu mtaani mtu akikuona tu anajua. Wengine waliacha dawa kwa aibu hiyo. Na ukiwapima damu, mafuta juu, wengine sukari juu. Watu waliokonda! Mwaka 2009 WHO wakasema nchi ziachane nayo taratibu, ikaondoka. Hebu mwanangu waeleze vizuri kwanini ilikuwa hivyo, mimi mambo ya seli niliyasoma zamani.


Mpima Damu:

@Nesi Mstaafu shikamoo mama. Umetoa ushahidi mzuri kuliko nilivyopanga mimi. Stavudini ilikuwa inazuia kimeng'enya kinachonakili vinasaba vya mitokondria, vile vinu vidogo vya nguvu ndani ya seli, na mitokondria za seli za mafuta zikaumia, seli zikafa. Seli zikifa zile akiba za usoni na miguuni zinaisha. Lakini chakula mtu anaendelea kula, mafuta yanaingia kama kawaida, yatakaa wapi? Ndo unaona damu imejaa trigliseridi na ini linanenepa kwa mtu ambaye mashavu yameingia ndani.

Na kuna watu wachache sana duniani wanazaliwa hawana kabisa seli za mafuta, ugonjwa unaitwa lipodistrofi. Hao misuli inaonekana yote utadhani wanatunisha, hawana hata punje ya mafuta chini ya ngozi, na wanapata kisukari kikali wakiwa wadogo na ini limejaa mafuta. Ukimwambia mtu asiyejua kwamba mtu asiye na mafuta kabisa anaumwa ugonjwa wa mafuta atakucheka, lakini ndo hivyo.

Niongeze tu kwa anayesoma anatumia dawa, dawa za siku hizi zenye dolutegravi hazina habari hiyo ya mashavu, zaidi zaidi watu wengine wananenepa nazo. Usiache dawa kwa kusoma uzi huu.


Binti Pangani:

Mie nina swali kaka yangu. Nimezaa watoto wangu, nilikuwa mnene nikapungua sana kwa kujinyima, sasa nikilegea kidogo tu narudi palepale, tena haraka. Hivi zile seli zinakufa au zinabaki zinanisubiri?


Mpima Damu:

@Binti Pangani dada yangu zinabaki. Pole lakini ndo ukweli. Mwaka 2008 watafiti wa Taasisi ya Karolinska kule Sweden walitoa utafiti mmoja mzuri sana, walitumia ile kaboni 14 iliyotapakaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 na 60. Ile kaboni iliingia kwenye mimea, ikaingia kwenye chakula, ikaingia kwenye vinasaba vya kila seli iliyozaliwa wakati huo, kwahiyo ukiipima unajua seli imezaliwa mwaka gani. Wakakuta idadi ya seli za mafuta inapangwa utotoni na ujanani, ukishakuwa mtu mzima inatulia, kila mwaka kama asilimia 10 zinakufa na zingine zinazaliwa kuziba nafasi. Hata waliofanyiwa upasuaji wa tumbo wakapungua sana, idadi ilikuwa ileile, zilichofanya ni kusinyaa.

Na seli iliyosinyaa inatoa homoni kidogo ya leptini. Hii leptini inatoka kwenye seli za mafuta yenyewe, iligunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman kule New York, kazi yake ni kuuambia ubongo akiba iko ngapi. Ukipungua, leptini inashuka, ubongo unasikia njaa imeingia nchini, unakuongezea hamu ya kula na kukupunguzia matumizi. Kwahiyo ukilegea ukarudi haraka sio kwamba wewe ni mlafi au huna msimamo, kuna kiungo kizima kinapiga kelele huko ndani.

Ila mafuta yenyewe ndani ya seli hayakai milele. Haohao watu wa Sweden walipima baadae, wakakuta trigliseridi inakaa kwenye seli kwa wastani wa kama mwaka mmoja na nusu hivi alafu inatolewa inaingia nyingine. Seli ileile, mzigo mpya.


chumaulete_99:

Sasa si wachome tu hiyo leptini watu wakonde, ugumu uko wapi? Au makampuni yanaficha?


Mpima Damu:

@chumaulete_99 walichoma mkuu. Kuna watoto wawili binamu Uingereza, familia yenye asili ya Pakistan, walizaliwa mwili hautengenezi leptini kabisa, walikuwa na njaa isiyoisha, wananenepa kupita kiasi tangu wadogo. Hilo liliandikwa 1997, walipochomwa leptini njaa ikakata na uzito ukashuka, maajabu kabisa. Lakini mtu mnene wa kawaida leptini anayo nyingi tayari, tena imezidi, ubongo ndo umeacha kuisikiliza. Kumwongezea haikusaidia kitu cha maana. Hakuna kilichofichwa, waliipigia debe sana mwanzoni ikawaangusha.


Mwanajimu:

Haya nimekuelewa kidogo. Sasa nikuulize la kazini kwangu, wateja wanavaa nailoni ndani ya sweta wanakimbia jua la saa nane, wanasema mafuta yanatoka na jasho. Nawakatalia lakini sina cha kuwajibu wakiniuliza "sasa yanatokea wapi?"


Mpima Damu:

Yanatokea puani na mdomoni mkuu! Sio utani. Mwaka 2014 Waaustralia wawili, Ruben Meerman na Andrew Brown, waliandika kwenye jarida la kitabibu la Uingereza hesabu ya atomu moja moja. Ukichoma kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kama kabonidayoksaidi, unaipumua. Kilo 1.6 zilizobaki zinakuwa maji, yanatoka kwa mkojo, jasho, mvuke wa pumzi. Na kuchoma hizo kilo 10 unahitaji kuvuta kilo 29 za oksijeni. Waliwauliza madaktari na wataalam wa lishe swali hilohilo wengi wao wakasema yanageuka kuwa nguvu au joto, kumbe atomu hazigeuki joto, lazima zitoke mahali.

Kwahiyo jasho la nailoni ni maji na chumvi, akinywa chupa mbili za maji kilo imerudi, na mtu anaweza kuzimia hapo. Na kabla mtu hajaanza kuhema hemahema kitandani ili apungue, hapana, kupumua haraka bila misuli kufanya kazi hakuchomi kitu, utapata kizunguzungu tu.


Kiroboto wa Mbagala:

Nilishaanza kuhema 😂😂


Ole Kajiado:

Niaje wasee, nasoma kutoka huku Kenya. Hiyo ya mafuta kuwa akiba ndio kwetu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai mafuta anaweka kwa mkia, yule wa Wasomali mwenye kichwa cheusi anaweka kwa matako, ngamia anaweka kwa nundu. Wazee husema ngamia ameweka maji kwa nundu, si ukweli, ni mafuta. Kiangazi kikiwa kirefu unaona nundu inalala upande. Swali langu, mbona mnyama anaweka mahali pamoja na sisi tunasambaza mwili mzima? Na mbona kondoo hapati hiyo sukari na presha?


Mpima Damu:

@Ole Kajiado umenifurahisha. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba mafuta ni blanketi, mnyama wa jangwani akiyasambaza mwili mzima joto linamshinda kutoka, akiyakusanya sehemu moja sehemu zingine zinapoa. Na angalia, hao wote wameyaweka nje ya tumbo, chini ya ngozi, mbali na ini. Alafu wanayatumia, kiangazi kikija nundu inalala kama ulivyosema. Sisi kiangazi chetu hakiji, kila jioni zege lipo.

Na kwa binadamu homoni ndo zinaamua. Estrojeni inapeleka mafuta mapajani na makalioni, ndo maana wanawake kabla ya kukoma hedhi wanakuwa salama kidogo kuliko sisi wenye kila kitu tumboni. Baada ya kukoma hedhi mafuta yanaanza kuhamia kiunoni nao wanatufuata. Na seli ya mafuta yenyewe inatengeneza estrojeni, ina kimeng'enya kinageuza homoni za kiume kuwa za kike, kwa mama aliyekoma hedhi hiyo ndo inakuwa sehemu kubwa inapotoka estrojeni. Nani alisema mafuta yamekaa tu bure?


Mkulima Singida:

Mimi nataka kujua kuhusu kolesteroli maana ndo ilikuwa kwenye kichwa cha uzi na umeipitia juu juu. Daktari kaniambia LDL yangu iko juu. Sina kitambi, nalima, natembea, nakula mafuta ya alizeti yangu mwenyewe. Nifanye nini sasa, niache mayai?


Mpima Damu:

@Mkulima Singida mzee wangu umenibana, ni kweli nimeipita. Kolesteroli ya damu haitoki kwenye kitambi. Sehemu kubwa mwili unatengeneza wenyewe, na ini ndo fundi mkuu. Ini linafunga vifurushi vyake vyenye trigliseridi nyingi na kolesteroli kidogo, linavitoa nje, njiani trigliseridi zinashushwa kwenye misuli na seli za mafuta, kinachobaki ni kifurushi kidogo kimejaa kolesteroli, hicho ndo LDL. Kinatakiwa kirudi ini kipokelewe. Vipokezi vyake viligunduliwa na Brown na Goldstein kule Texas, wakapata Nobeli 1985. Ukizaliwa na vipokezi vichache au vibovu, LDL inazunguka tu kwenye damu inajipenyeza kwenye kuta za mishipa miaka na miaka, hata kama kiuno chako ni cha kijana wa miaka ishirini. Kwahiyo wewe mwembamba mwenye LDL juu muulize daktari kuhusu familia, kama baba au wajomba walipata shtuko la moyo wakiwa hawajafika sitini mwambie.

Na kinyume chake kipo. Kuna watu vinasaba vyao vinafanya vipokezi vikae muda mrefu, LDL yao iko chini maisha yote. Utafiti wa Marekani wa 2006 ulikuta Wamarekani weusi kama asilimia 2 na ushee wanayo hiyo hali, na magonjwa ya moyo kwao yalikuwa machache mno. Kutoka hapo zikatengenezwa dawa mpya kabisa za sindano.

Mayai sio kesi kubwa kwa watu wengi. Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yenye asidi zilizoshiba, yale yanayoganda yenyewe, samli, mafuta ya ng'ombe, na mawese kama nusu yake ni hayo. Alizeti yako iko upande mzuri, endelea nayo, ila usiikaangie mara kumi mpaka imekuwa nyeusi. Na ukiandikiwa statini usiikimbie kwa maneno ya mtandaoni, hiyo dawa inapunguza utengenezaji ndani ya ini alafu ini linaongeza vipokezi, linavuta LDL kutoka kwenye damu. Nimeona watu wanaacha wanaenda kunywa maji ya limao, limao halijui hata ini liko wapi.


chumaulete_99:

Mkuu na wale wanaonyonywa mafuta kwa mashine hospitali za mjini? Seli si zinatolewa kabisa?


Mpima Damu:

Zinatolewa, lakini ni za chini ya ngozi, zile zisizo na kesi kubwa. 2004 Wamarekani walipima wanawake wanene walionyonywa kama kilo 10 hivi za mafuta ya tumbo, baada ya wiki kadhaa insulini ilikuwa haijaboreka, mafuta ya damu yaleyale, presha ileile. Wakati mtu huyohuyo angepunguza uzito hata kidogo kwa kula vizuri na mazoezi angeona tofauti, maana mwili ukikosa chakula mafuta ya kwenye ini yanatangulia kuisha. Waingereza kule Scotland na Newcastle waliwapunguza uzito watu wenye kisukari aina ya pili kwa chakula kidogo cha kalori kama 800 hivi kwa siku chini ya uangalizi, baada ya mwaka karibu nusu kisukari kilikuwa kimerudi nyuma bila dawa. Majibu yalitoka 2017. Mashine ya kunyonya inakupa umbo, kama unataka umbo sawa, ni hela yako.


Kiroboto wa Mbagala:

Kuna jamaa nilisoma alikaa mwaka mzima bila kula. Ni kweli au chai?


Mpima Damu:

Sio chai. Angus Barbieri, Scotland, 1965 mpaka 1966, siku 382. Alianza na kilo kama 207 akamaliza na 82. Alikuwa anafuatiliwa na hospitali ya Dundee, anapewa vitamini, potasiamu, anapimwa damu. Alikuwa anakula akiba yake tu. Lakini wengine waliojaribu kufunga hivyo miaka ileile walikufa, moyo unasimama kwa sababu ya chumvi za mwili kuvurugika na misuli kuliwa. Usijaribu Mbagala.


Binti Pangani:

Kaka nisamehe narudi tena. Mama yangu mzazi alipimwa wiki hii, karatasi imeandikwa trigliseridi 14, na mtu wa maabara alisema damu yake ilikuwa nyeupe. Anasema tumbo linamuuma juu hapa linachoma mpaka mgongoni. Wamempa miadi mwezi ujao.


Mpima Damu:

@Binti Pangani dada usisubiri mwezi ujao, mpeleke hospitali leo, sasa hivi. Kawaida ya trigliseridi mtu akiwa hajala ni chini ya 1.7, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikizidi 10 hivi kongosho linaweza kuvimba na hayo maumivu ya juu ya tumbo yanayoenda mgongoni ndo yenyewe hasa. Hiyo damu nyeupe naijua, ukizungusha kichupa kwenye mashine yale maji ya juu ambayo hutakiwi kuona kitu yanatoka kama maziwa, hivyo ni vifurushi vya mafuta vimejazana. Wapime na sukari, mara nyingi kisukari kisichojulikana kipo nyuma yake. Asile kitu mpaka aonwe, na nenda na hiyo karatasi mkononi, useme kabisa mapokezi kwamba trigliseridi ni 14 na tumbo linauma.


Binti Pangani:

Tumeshapanda bajaji. Asante kaka.


Nesi Mstaafu:

Mungu amtangulie mama. Binti ukifika usikubali kukaa foleni ya kawaida, sema dharura.


Mkulima Singida:

Wakati tunamsubiri huyo dada, mimi narudia kipimo wiki ijayo. Nifunge kula muda gani? Wengine wanasema siku nzima.


Mpima Damu:

Sio siku nzima mzee. Kula chakula cha kawaida usiku, sio sherehe, pombe usiguse siku hiyo na ya kabla yake maana inapandisha trigliseridi, alafu usile masaa 8 mpaka 12. Maji kunywa tu. Vidonge vyako vya presha kama unavyo meza kama kawaida isipokuwa daktari amekwambia vingine. LDL na kolesteroli jumla hazibadiliki sana hata ukiwa umekula, ni trigliseridi ndo zinaruka, kwahiyo kama ulikunywa chai na chapati kwa bahati mbaya waambie wakuandikie kwamba ulikula, usiwadanganye. Na karatasi ya zamani nenda nayo wakupimie kwa kulinganisha.


Binti Pangani:

Wamemlaza. Wamesema kongosho kweli, na sukari ni 22. Wamemuwekea dripu. Nitaleta taarifa kesho.